Bizinesi klasi ya safari fupi za Ulaya: unalipia siti au unalipia pazia?

Mleta mada
Wadau, mwezi uliopita nilijikakamua nikakata bizinesi kutoka hapa Ujerumani kwenda Lisbon, harusi ya rafiki. Saa tatu kasoro angani, nyongeza euro 210. Nimeingia natafuta siti ya kibosi, nakuta ileile niliyoizoea: tatu kushoto, tatu kulia, magoti yananusa mfuko wa siti ya mbele. Tofauti ni kwamba ya katikati imeachwa tupu, imewekewa kijimeza cha kuegesha glasi. Nyuma ya safu yangu kuna pazia limening'inia kwenye reli. Basi.

Na si shirika moja. British Airways, Lufthansa, Air France, KLM, karibu wote safari zao fupi ziko hivyo. Pazia linasogezwa mbele au nyuma kufuatana na waliokata bizinesi siku hiyo. Aliyezoea ndege aina ya A220 ya Air Tanzania, yenye siti 12 za bizinesi, pana, mbilimbili, atashangaa: Swiss, shirika la Uswisi, wana A220 hizohizo, ila siti ni za aina moja toka mbele hadi mkiani.

Msimamo wangu: kama hela inatoka mfukoni mwako, usinunue. Nipingeni.

Mwenye duka, Leeds
Nakupinga mchana kweupe. Bizinesi ya BA inakupa mabegi mawili, kila moja kilo 32. Nikienda Milan kufuata nguo za duka, nikilipia mabegi hayo kwa ekonomi, nikaongeza chai na mkate wa uwanjani kwa bei zile mnazozijua, tofauti inayobaki ni ya kununulia soksi. Tena kwenye launji, ukumbi wa kusubiria wa abiria wa bizinesi, nakula, nachaji simu, nafunga hesabu zangu kwa amani.

Mleta mada
Hapo kwenye mabegi nimekuelewa, mkuu. Ila wewe umenunua mizigo, siti hujainunua. Halafu ukiondokea Uingereza kuna kodi ya abiria. Aprili 2025 safari fupi iliwekwa pauni 13 kwa ekonomi, 28 kwa bizinesi. Serikali nayo inakutoza kwa ajili ya pazia!

Dada wa Paris
Mimi nilimkatia mama, Paris hadi Roma. Ana miaka 74 na miguu inamsumbua. Sijutii hata senti.

Mleta mada
Dada, shikamoo ya mama ifike. Lakini kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma hadi mlangoni mwa ndege ni bure kwa daraja lolote, Kanuni ya Umoja wa Ulaya 1107 ya 2006. Unatoa taarifa saa 48 kabla.

Dada wa Paris
Marahaba zimefika. Kiti cha magurudumu tulipewa, wala sikatai. Ila mama ni mpana, kaka, na hapendi kubanana na mwanamume asiyemjua. Ile siti ya katikati aliweka pochi yake, juu ya pochi akaweka mkono, akalala hadi Roma. Hiyo utaipigia hesabu gani?

Abiria wa Oslo
Mnasahau wanaounganisha. Ukitoka Nairobi kwa bizinesi ya KLM hadi Oslo, kipande cha Amsterdam–Oslo kimo humohumo kwenye tiketi. Huko sawa, kaa mbele ule chakula kwenye sahani ya udongo. Anayekata kipande hicho peke yake ndiye simwelewi. Anayetaka siti ya bizinesi ya kweli kwenye ndege ndogo apande Turkish Airlines, japo kwenda Athens kutoka London kwa kupitia Istanbul ni kuzunguka mbuyu.

Jambo moja wengi hawalijui. Mimi niliwahi kushushwa daraja langoni, wakanipa vocha ya chakula, nikaikataa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 261 ya 2004 inasema ukishushwa urudishiwe ndani ya siku saba asilimia 30 ya nauli kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na asilimia 50 kwa ya kati ya 1,500 na 3,500. Niliandika barua, wakalipa.

Mleta mada
Subiri kwanza. Kutoka kwangu hadi Lisbon ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa hiyo wangelisogeza lile pazia safu moja tu mbele yangu, ningebaki kwenye siti ileile na kurudishiwa nusu ya nauli?

Abiria wa Oslo
Ndiyo. Ila pale katikati ungeletewa jirani.

Mleta mada
Kwa nusu ya nauli, aje na watoto wake.