Mjadala: Mwenye saratani ya tezi dume ya hatari ndogo afuatiliwe tu, au atibiwe mara moja?

Mleta mada, Kampala:

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa miaka 63, alirudi kutoka kliniki na daftari lake la matibabu, lile la shule ambalo sote tunalinunua dukani ili daktari apate pa kuandika, na katika ukurasa wa mwisho mlikuwa na mambo matatu: saratani ya tezi dume, Gleason 6 (alama ya ukali wa saratani inavyoonekana kwenye hadubini), afuatiliwe. Shangazi alilia. Wanawe walitaka kipande cha shamba kiuzwe wiki hiyohiyo ili baba yao apasuliwe, kwa kuwa hawakuweza kuelewa ni daktari gani anayeiona kansa kisha anamwambia mgonjwa aende nyumbani.

Msimamo wangu ni kwamba daktari yule alikuwa sahihi, ingawa hakueleza vya kutosha. Saratani inayoitwa ya hatari ndogo ni ile iliyo bado ndani ya tezi, yenye alama ya Gleason isiyozidi 6, na kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi hiyo, kikiwa chini ya 10. Nyingi za namna hii hukua polepole mno, kiasi kwamba mwenye nayo huweza kufa uzeeni kwa sababu nyingine kabisa. Kufuatiliwa maana yake ni kupima PSA kila baada ya miezi 6 hivi, kupimwa tezi kwa kidole, kupigwa picha ya MRI inapopatikana, na kuchukuliwa tena kipande kidogo cha tezi kikapimwe baada ya muda, ili ugonjwa ukibadilika sura matibabu yaanze ungali unatibika. Tusichanganye jambo hili na lile la mzee dhaifu anayeachwa hadi dalili zitokee. Huyo hutulizwa dalili tu, lakini huyu wa kwanza bado analengwa kuponywa.

Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 katika makundi matatu: ufuatiliaji, upasuaji na mionzi. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban asilimia 2 hadi 3 katika kila kundi. Upande wa madhara ndiko tofauti ilikoonekana, kwa maana kati ya mwaka wa 7 na wa 12 waliofanyiwa upasuaji waliohitaji pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja walikuwa asilimia 18 hadi 24, ilhali waliofuatiliwa walikuwa asilimia 9 hadi 11. Nguvu za kiume nazo hupungua, jambo ambalo wazee wetu hawalitamki mbele ya watoto wao, kisha wanalibeba peke yao.

Muuguzi, Arua:

Ndugu mleta mada, pole kwa ya mjomba, lakini umetusomea nusu ya utafiti. Katika kundi la ufuatiliaji, ambao ugonjwa uliwasambaa mwilini walikuwa asilimia 9.4, dhidi ya 4.7 kwa waliopasuliwa. Isitoshe, karibu washiriki wote walikuwa Wazungu, wakati inajulikana kwamba wanaume weusi hupata saratani hii zaidi na mara nyingi mapema zaidi. Na hata tukikubali takwimu zote, nani atamfuatilia mzee wa huku kwetu? Kutoka Arua hadi Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa iliyoko Kampala, ni safari ya basi ya usiku kucha. Nimewahi kufungua daftari la mzee mmoja nikakuta PSA mbili zilizopimwa katika maabara mbili tofauti, zisizoweza kulinganishwa, na moja ilichukuliwa akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yenyewe hupandisha kipimo hicho. Kwa mzee kama yule, neno “fuatilia” ni kumwacha kwa lugha ya adabu.

Mleta mada:

Dada muuguzi, nakubali kosa la kuacha takwimu ile, na hoja yako ya rangi siwezi kuipangua. Hata hivyo, umbali unaoutaja unayakabili matibabu pia. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale Mulago, wagonjwa walikaa zaidi ya mwaka mmoja bila huduma hiyo, na mgonjwa aliyepasuliwa naye anahitaji PSA za kila mara, tena kwa miaka. Kumkata mtu kwa sababu tunaogopa hatarudi kliniki ni kumtoza yeye deni la mfumo.

Ninachokubaliana nawe ni hiki: asipewe ufuatiliaji mtu ambaye hakupewa pia tarehe, maabara moja ya kudumu, na jina la atakayempigia simu asipofika. Akikosa hayo matatu, basi wanawe na shamba lao walikuwa na haki ya kuhofu, na mimi ningejiunga nao.

Kwa mjomba, tulirudi kwa daktari tukaomba aandike. Aliandika tarehe nne nyuma ya daftari, na shangazi, ambaye bado hajashawishika, amezihamishia kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Mbili zimeshakatwa mstari. Nauli ya tarehe ya tatu anaitunza yeye mwenyewe, kwenye kopo la majani ya chai.