Mwalimu, mwanangu si jiwe!

Nimechoka kunyamaza. Mwanangu ana miaka 5, yuko skuli moja ya maandalizi hapa Chake, Pemba. Kila Alhamisi huitwa mbele mmoja mmoja wasome sura walizohifadhi. Anayesoma hupewa biskuti na kupigiwa makofi. Wangu husimama macho chini, kidole mdomoni, sauti haitoki. Alhamisi iliyopita mwalimu alichukua ile biskuti akampa mwenzake, mbele yake, akasema: "Huyu jiwe, hata zawadi haimshughulishi."

Haimshughulishi? Usiku ule ule alinisomea Suratu Dhuha yote chini ya chandarua, hakukosea hata mahali pamoja. Kisha akaniuliza: "Mama, nikimsomea mwalimu peke yake, atanipa?"

Jamani, haya za mtoto si kiburi, wala si shetani kama jirani mmoja alivyoniambia (huyo nishamalizana naye). Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonesha watoto wa miezi 4 tu vitu vigeni, na kiasi cha mmoja katika kila watano walilia na kurusha mikono na miguu. Hao ndio walioelekea zaidi kuwa waoga wa wageni walipokua. Miezi 4! Nani kamdekeza hapo?

Na hilo la zawadi ndilo linaloniwasha roho. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha walichokiona kwa vijana waliofuatiliwa tangu uchanga. Waliwapiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kupata au kupoteza fedha. Wale waliokuwa na haya kubwa utotoni, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu, inayohusika na zawadi, iliamka zaidi kuliko ya wenzao, iwe ni kupata au kupoteza. Utafiti wa 2009 ukaonesha kuwa tofauti hiyo hujitokeza pale kijana anapoamini kwamba chaguo lake mwenyewe ndilo litakalomletea fedha.

Sijachungulia kichwa cha mwanangu. Lakini anayetetemeka mbele ya biskuti, utasemaje haitaki?

Nimemwomba mwalimu mara mbili amsikilize pembeni, dakika mbili tu, ampe biskuti yake bila makofi. Kanijibu kwamba skuli haina watoto maalumu. Leo Jumanne, na mtoto keshaanza kulalamika tumbo linamuuma.