Vipimo vya triga ya bastola ya hewa havilingani, nipime vipi kabla ya mashindano?

Mlengaji_SouthB
Wadau wa shabaha, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa ninyi mnaofanyia mazoezi kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti. Nina bastola ya hewa ya mita 10, Steyr LP10 iliyotumika. Mashindano yako karibu, na kanuni ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, ni kwamba uzito wa kuvuta triga (kifyatulio) usiwe chini ya gramu 500. Nimepima kwa mizani ya dijitali, ile ya kuning'iniza mizigo ya safari. Mara inasoma 470, mara 530, na mwenzangu wa klabu akivuta yeye inasoma 490. Skrubu hazijaguswa. Je, triga ina hitilafu? Kuna fundi mtaani anasema ataipiga msasa kidogo ilainike. Nimwachie?

BabaKeziah
Msasa hapana, ndugu yangu, nakusihi. Kile kipande kinachoshikilia nyundo kimekomazwa juu juu tu. Ukikwangua ngozi hiyo, chuma laini kilicho chini kinalika upesi, na siku moja bastola inajifyatua bila kidole. Halafu silaha yenye leseni haiachwi kwa mtu wa mtaani hata kwa saa moja. Triga ya LP10 ina skrubu zake za kurekebisha, alenki inatosha.

Kocha_Mstaafu
Triga yako huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni mahali unapovutia. Triga inazunguka kwenye pini iliyo juu, kwa hiyo ni kama mlango: ukisukuma karibu na bawaba unatumia nguvu nyingi, ukisukuma pembeni unatumia kidogo. Fanya hesabu. Kama inafyatuka kwa gramu 500 ukivuta milimita 30 chini ya pini, ukipanda hadi milimita 25 itadai gramu 600. Milimita 5 tu hizo! Wewe na mwenzako hamkuweka ndoano mahali pamoja, basi.

La pili, mizani hiyo imetengenezewa masanduku ya kilo 30 au 40. Gramu 10 kwake si kitu. Ukivuta kwa pupa inasoma zaidi, na triga ikishaachia huwezi kujua namba ya mwisho ilikuwa ya kabla au ya baada.

Mkaguzi wa mashindano hatumii springi. Anatumia jiwe la mizani lenye uzito kamili na ukingo mwembamba wa chuma au mpira, lisilo na roli. Jiwe linawekwa juu ya meza, mtutu unaelekezwa juu wima, ukingo unashika katikati ya triga, kisha jiwe linainuliwa taratibu mpaka liachane na meza. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu. Bastola ya hewa lazima iwe imejazwa hewa ya kufyatulia wakati wa kupimwa, bila peleti (kile kirisasi chake kidogo). Wengi wanapima ikiwa tupu, kisha wanashangaa mezani kwa mkaguzi.

Dada_Shabaha
Kocha amesema kweli tupu. Mimi napima kwa maji, na sijaona njia ya bei nafuu iliyo sahihi kuliko hiyo. Fanyia uwanjani, si nyumbani. Hakikisha hakuna peleti, mpe na mwenzako ahakikishe.

Bastola naibana kwenye jiliwa kwa mpini, nimeuzungushia kitambaa, mtutu juu. Usibane silinda ya hewa kamwe. Ndoano ni spoku ya baiskeli iliyokunjwa, na chini yake naning'iniza chupa ya plastiki kwa uzi. Napima chupa, uzi, spoku na maji kwa pamoja kwenye mizani ya jikoni hadi gramu 300. Kisha naongeza maji kwa sirinji ya duka la dawa, kidogo kidogo, nikisubiri chupa itulie. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, kwa hiyo sirinji yenyewe inakuambia umefika wapi.

Utaona jambo zuri sana: triga inarudi nyuma polepole, inafika mahali inapokwama, tunapopaita ukutani, na kusimama. Andika namba hiyo, ndiyo hatua ya kwanza. Endelea hadi ifyatuke. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa hatua ya pili, na hapo ndipo alama zinapopatikana. Rudia. Hatua ya pili ikibadilika badilika ilhali ndoano haijasogea, hapo ndipo kuna uchafu au skrubu iliyolegea.

Mzee_wa_22
Dada, njia hii inafaa kwa bastola ya risasi za .22 ya mita 25?

Dada_Shabaha
Inafaa, mzee wangu, ila kiwango chenu ni gramu 1000, tafuta chupa kubwa. Na weka risasi bandia chemba, pini isigonge ukingo wa chuma.

Mlengaji_SouthB
Asanteni sana. Nimepima kwa maji, ndoano katikati: ukutani 370, inafyatuka 505, na nikirudia haisogei. Kwa hiyo nimepita?

Kocha_Mstaafu
Umepita kwa uzi mwembamba mno. Kiwango kinatakiwa kidumu mashindano yote, na unaweza kuitwa kupimwa tena ukishamaliza kupiga. Mkaguzi akishika triga chini kidogo tu, gramu 5 zako zimekwisha. Panda hadi 520 au 525. Ongeza kwenye hatua ya kwanza, ile tofauti ya 135 iache ilivyo maana kidole chako kimeshaizoea. Skrubu ikikaa sawa ichoree mstari wa kalamu unaovuka hadi kwenye mwili wa bastola, uone kama imezunguka ukifika uwanjani.

BabaKeziah
Na ukiweza, tafuta jiwe la mizani la gramu 500 lenye mhuri wa serikali uhakikishe ile mizani ya jikoni nayo inasema kweli.