Kwa nini raketi yenye raba nyeusi pande zote mbili hukataliwa mashindanoni?

Mwalimu wa michezo
Wadau, naomba ufafanuzi. Mwanafunzi wangu alizuiwa kutumia raketi yake katika mashindano ya tenisi ya mezani kwa sababu raba za pande zote mbili zilikuwa nyeusi, ingawa zote zilikuwa na nembo ya ITTF (shirikisho la kimataifa la mchezo huo) na unene halali. Rangi inaathiri nini katika mchezo? Je, angeruhusiwa kubandua raba moja na kucheza na upande uliobaki?

Mwamuzi mstaafu
Mwalimu, rangi haibadili mwendo wa mpira, bali humpa mpinzani taarifa anayoistahili. Raba laini yenye kunata huuzungusha mpira kwa nguvu, ilhali raba ya antispini, au ile yenye vinundu virefu vilivyotazama nje, huuzungusha kidogo sana na mara nyingi humrudishia mpigaji mzunguko wake mwenyewe. Zamani mchezaji aliyebandika aina hizo mbili kwa rangi moja aliweza kuigeuza raketi mkononi, akapiga kwa mtindo uleule, na mpokeaji asijue ni upande upi uliogusa mpira. Mchina Cai Zhenhua, aliyefika fainali ya dunia ya mchezaji mmoja mmoja mwaka 1981 na 1983, hutajwa sana kwa mbinu hiyo. Katika miaka hiyo ya 1980 shirikisho la kimataifa liliagiza pande zitofautiane rangi, na kwa muda mrefu zikawa nyekundu na nyeusi pekee. Tangu Oktoba 2021 upande mmoja hubaki mweusi, na wa pili waweza kuwa mwekundu, pinki, zambarau, kijani au buluu. Mimi naiona kuwa kanuni ya haki kabisa, maana kila mtu ameachiwa raba aipendayo.

Kocha wa vijana
Kuhusu kubandua: upande mmoja waweza kubaki bila raba, lakini hauruhusiwi kupiga mpira, na nao lazima uwe na rangi inayotakiwa, isiyong'aa. Wapo wachezaji wa Asia wanaoshika raketi kama kalamu ambao wamecheza hivyo miaka mingi. Kijana aliyezoea mshiko wa kawaida atapoteza mapigo yake yote ya upande wa pili, kwa hiyo mnunulie raba moja nyekundu. Tumia gundi ya maji, kwa kuwa gundi zenye viyeyusho vinavyoruka hewani zilipigwa marufuku mwaka 2008, na hakikisha raba, sponji na gundi kwa pamoja havizidi milimita 4.

Mwalimu wa michezo
Nawashukuru sana, nimepata la kumweleza. Mwamuzi atakagua nini kingine?

Mwamuzi mstaafu
Kabla ya mechi, kijana amwonyeshe mpinzani na mwamuzi raketi yake. Hataruhusiwa kuibadilisha katikati ya mechi isipokuwa imeharibika kwa bahati mbaya kiasi cha kutofaa kutumika. Kisha mfundishe kuanzisha mpira sawasawa, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hupoteza pointi: mpira ukae juu ya kiganja kilicho wazi, urushwe wima angalau sentimita 16 bila kuzungushwa, uwe nyuma ya mstari wa mwisho na juu ya usawa wa meza muda wote, na mkono uliourusha uondolewe mara moja ili mpokeaji auone mpira hadi unapopigwa.