Pesimeka ya Baba imo kwenye tangazo la kasoro, na kaka zangu hawataki aambiwe. Naomba ushauri

BintiWaLangoni (Lamu), Jumatatu usiku

Assalam aleikum ndugu zangu. Naandika saa hizi kwa sababu usingizi umenikataa siku ya nne leo.

Baba ana miaka 71. Ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni, ingawa sasa tunakaa naye mjini. Mwaka 2019 alianza kuanguka. Mara ya kwanza alikuwa amebeba ubao, tukasema ni jua. Mara ya pili alianguka msikitini, kwenye rukuu. Tulipomfikisha Mombasa ikaonekana moyo wake unapiga mara 34 kwa dakika. Akawekewa pesimeka, kijimashine cha betri kinachousukuma moyo upige, na tangu siku hiyo hajaanguka tena. Ukimgusa chini ya mtulinga wa kushoto unakisikia kile kidude chini ya ngozi, kama saa ya mkono iliyotolewa mkanda. Wajukuu wake hupenda kukigusa, naye huwaambia ndiyo injini ya babu.

Wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Maskati alinitumia tangazo la kampuni iliyotengeneza. Linasema baadhi ya pesimeka za aina ile zina kipande cha umeme chenye kasoro, na betri inaweza kuisha kabla ya wakati wake bila kutoa onyo la kutosha. Nimelisoma mpaka nimelihifadhi. Kuna neno linalosema zinarudishwa. Zinarudishwaje na kimo kifuani mwa mtu?

Nimepiga simu mara tatu hospitali alikofanyiwa. Mara zote naambiwa faili halionekani, na daktari aliyemuweka hayupo tena pale. Ile kadi ya pesimeka aliyopewa hatujui iko wapi.

Kaka zangu wawili wamekata shauri kwamba Baba asiambiwe. Wanasema ana presha, khofu itamuua kabla ya betri. Mimi nalala chumba cha pili, na kila akinyamaza usiku naamka kumsikiliza anavyopumua. Je, kitolewe? Nianzie wapi? Na je, ni haki kumficha?

Mpwa_wa_Shela

Waalaikum salaam dada. Pole sana. Mimi naona kaka zako wana haki. Marehemu mama yetu alipoambiwa maradhi yake alikataa chakula siku hiyo hiyo. Tafuteni daktari kimya kimya, mukishajua hakika ndiyo mumwambie.

NesiMstaafu (Malindi)

Mwanangu, nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 26, na vifaa vya kuwekwa mwilini vimepita mikononi mwangu vingi. Nisome polepole.

Kwanza hilo neno. Kiwanda kikisema kinarudisha kifaa, vile vilivyoko stoo na madukani ndivyo vinavyorudi kwenye sanduku. Kilichomo mwilini kina hesabu yake nyingine. Mara nyingi maana yake ni kwamba mgonjwa aitwe, apimwe, afuatiliwe kwa karibu. Mwaka 2017 pesimeka zipatazo 465,000 nchini Marekani, za kampuni ya Abbott, zilitangaziwa hivyo kwa sababu programu yake ingeweza kuingiliwa na mtu mbaya. Hakuna aliyetakiwa kupasuliwa kwa sababu hiyo. Mgonjwa alikwenda kliniki, kikawekwa kifaa cha kusomea juu ya kifua, programu mpya ikaingia kwa dakika kama 3, akarudi kwake. Nyonga za bandia za chuma za kampuni ya DePuy, aina ya ASR, ziliporudishwa mwaka 2010, watu kama 93,000 duniani walikuwa nazo. Wengi walianza kwa kupimwa damu, kuangalia madini ya kobalti na kromiamu yaliyokuwa yakitoka kwenye chuma. Wako waliobadilishiwa, na wako waliobaki nazo wakifuatiliwa.

Kisha kuna waya. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha uuzaji wa waya za Sprint Fidelis, zile zinazounganisha moyo na mashine ya kuushtua, kwa sababu zilikuwa zinakatika. Zilikuwa zimeshawekwa kama 268,000. Ushauri ulikuwa waya isiyo na tatizo iachwe. Waya ikikaa miaka hushikana na mshipa na nyama ya moyo, na kuing'oa kunaweza kupasua mshipa. Kwa hiyo kutoa kifaa kwa sababu ya khofu kunaweza kuwa na hatari kuliko kasoro yenyewe. Hata kubadilisha betri peke yake si jambo jepesi kama watu wanavyodhani. Ule mfuko chini ya ngozi inamokaa pesimeka ukifunguliwa mara ya pili, uwezekano wa kuingia vijidudu huwa mkubwa kuliko mara ya kwanza.

Kitu unachotafuta sasa ni nambari. Tangazo la namna hii halishiki kila pesimeka ya kampuni. Hushika aina fulani, na ndani ya aina hiyo, nambari fulani za mfululizo. Siku ya upasuaji kila boksi linapofunguliwa hutoka na stika kadhaa. Moja hubandikwa kwenye faili, moja kwenye kadi ya mgonjwa, na vyumba vingi vya upasuaji hubandika moja kwenye daftari kubwa la vifaa. Faili likipotea, daftari huwa lipo. Usipige simu ya mapokezi. Nenda, au mtume mtu, amuulize msimamizi wa chumba cha upasuaji, akiwa na tarehe ya upasuaji na jina kamili kama lilivyoandikwa wakati ule.

Fundi_Umeme_Mpeketoni

Nasoma kwa makini maana mama mkwe anayo. Nesi, na kama daftari nalo limepotea?

NesiMstaafu (Malindi)

Kuna njia mbili zilizobaki. Picha ya kifua ya kawaida, eksirei, huonyesha alama ndogo ndani ya pesimeka, herufi na tarakimu, na kwa hizo daktari hujua kampuni na aina. Haitoi nambari ya mfululizo, lakini inatosha kujua kama uendelee kuhangaika au ulale. Njia ya uhakika ni kuisoma kwa kompyuta yake. Pesimeka hujitaja yenyewe, aina na nambari, pamoja na hali ya betri na waya. Ila kila kampuni ina kompyuta yake, ya hii haisomi ya ile. Ndiyo maana ujue kampuni kabla ya kufunga safari, usije ukavuka Mokowe na kupanda basi mpaka Mombasa ukaambiwa mashine waliyo nayo siyo.

AmiSalim (Lamu)

Binti yangu, mimi nayo tangu 2015. Naandika kama mwenye kifaa, si kama daktari.

Nilifichwa. Si kuhusu kasoro kama hii. Betri yangu ilikaribia kuisha na wanangu wakaambiwa kwenye simu, wakaona wanipumzishe. Miezi ile nilikuwa nachoka nikipanda ngazi za nyumba yangu, nasimama ngazi ya tano kama mtoto anayejifunza. Nikajisemea ni uzee, sikumwambia mtu. Wao walijua kitu ambacho kingewafanya waulize, na mimi nilijua kitu ambacho kingewafanya wakimbie, na hatukuambiana. Siku nilipozirai ndipo maneno yote yalipotoka. Niliwasamehe, lakini niliumia sana.

Baba yako ndiye wa kwanza atakayesikia mwili wake ukibadilika. Asipojua cha kusikiliza, nani atamsikilizia? Wewe chumba cha pili?

NesiMstaafu (Malindi)

Ami Salim amesema lililo kuu, na mimi naongeza sababu ya kitabibu. Swali la kwanza la daktari wa moyo litakuwa hili: bila pesimeka, moyo wa mzee unajipigia wenyewe kiasi gani? Yuko ambaye pesimeka yake husaidia mara moja moja tu, betri ikizima atachoka na kusikia kizunguzungu, lakini ana muda wa kufika hospitali. Na yuko ambaye moyo wake hauna mpigo wake wa kutegemea. Tangazo moja, wagonjwa wawili, uamuzi tofauti kabisa. Mzee aliyekuwa na 34 mwaka 2019 simuweki kundi la kusubiri mpaka apimwe.

Pesimeka ya kawaida hutoa ishara betri ikibakiza miezi kama mitatu, na ishara hiyo husomwa kliniki. Kasoro ya betri kuisha ghafla inakula hiyo miezi. Kwa hiyo kuanzia kesho mshikeni mkono kila asubuhi, vidole viwili upande wa kidole gumba, muhesabu dakika nzima. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha. Pesimeka nyingi huwekwa zisiache moyo ushuke chini ya 60, ingawa daktari huweza kupanga vingine, na kadi au kompyuta itawaambia yake. Akiwa siku zote yuko 60 na siku moja mkamkuta 45, au akisikia kizunguzungu, kuzirai, pumzi kukata, kuvimba miguu, msingoje miadi. Hospitali iliyo karibu, hiyo hiyo siku.

Na simu aitoe mfuko wa kifua. Inatakiwa iwe mbali na pesimeka sentimita 15 hivi, hasa hizi mpya zenye sumaku.

Mpwa_wa_Shela

Nimesoma ya Ami Salim mara mbili. Dada, narudisha maneno yangu. Mwambieni.

WakiliKilifi

Dada, kwa upande wa haki zake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuambiwa hali ya afya yake, na mwenye haki hiyo ni yeye, si wanawe. Kuhusu faili, andika barua fupi ya kuomba nakala ya kumbukumbu zake, aitie sahihi yeye mwenyewe, ipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Simu haiachi alama.

La pili, ripoti Bodi ya Famasia na Sumu, hao PPB. Watu hudhani inashughulika na dawa tu. Vifaa vya tiba pia viko chini yake, na mgonjwa au jamaa yake anaweza kutoa ripoti mwenyewe, si lazima daktari. Kampuni huenda haijui kwamba kuna mtu Lamu mwenye kifaa chake. Huko Ulaya mgonjwa wa namna hii hutakiwa na sheria kupewa kadi ya kifaa, na wengi wana kimashine kando ya kitanda kinachotuma habari kliniki kila usiku. Hapa kwetu uzi unaomuunganisha mgonjwa na kiwanda ni ile kadi na lile daftari. Vikipotea vyote viwili, tangazo linapita juu ya kichwa chake.

Na kabla hamjakubali upasuaji wowote, ulizeni kwa maandishi nani analipa nini. Kampuni ikitoa kifaa kipya bure haina maana kwamba imelipa kitanda, chumba cha upasuaji na daktari.

BintiWaLangoni (Lamu), siku kumi na moja baadaye

Ndugu zangu, niwieni radhi kwa ukimya. Nawaeleza yaliyotokea.

Nilimwambia Baba Ijumaa baada ya sala, kaka zangu wakiwepo, baada ya kuwasomea maneno ya Ami Salim. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kitu ambacho hatukutegemea: "Ni betri au ni waya?" Nikamwambia ni kipande kinachohusu betri. Akasema chombo kikiwa na ufa, mwenyewe huambiwa kingali juu ya mchanga. Akainuka akaenda kwenye kasha lake la zana, akatoa chini ya randa na patasi kitu kilichofungwa nailoni. Ni ile kadi. Miaka yote hii tunaitafuta kabatini, yeye ameiweka na vitu anavyovitunza kuliko vyote. Ilikuwa na unga wa mbao, na tarakimu moja ilikuwa imefutika katikati. Tulipiga picha kwa simu, tukaikuza, hatukuweza kujua ni 3 au ni 8. Ikiwa 3, yumo kwenye orodha. Ikiwa 8, hayumo.

Kwa kuwa kadi ina jina la kampuni, kaka mkubwa alitafuta kliniki yenye kompyuta yake kabla hatujaondoka, kama alivyosema Nesi. Tulivuka Jumatatu alfajiri. Kule Mombasa fundi alimuwekea kile kifaa cha kusomea juu ya shati tu, na maandishi yakaanza kutoka. Ni 3.

Betri yenyewe bado inaonyesha miaka. Lakini daktari alipoishusha kasi ya pesimeka polepole kuangalia moyo wenyewe unafanya nini, Baba alishika ukingo wa kitanda akasema dunia inaondoka. Akaipandisha papo hapo. Akatueleza kwamba kwa mtu mwingine angesema tusubiri, tukirudi kila miezi mitatu, lakini kwa moyo wa namna hii hataki kubahatisha. Atabadilishiwa hicho kijisanduku tu, waya ziko nzima, zitabaki. Alitueleza habari ya vijidudu bila kuificha, na Baba ndiye aliyejibu, si sisi. Miadi ni wiki ijayo. Kampuni imeandika kwamba itatoa kifaa. Gharama za hospitali bado tunazungumza, barua iko kwa wakili wa ukoo wetu. Ripoti ya Bodi nimeshaituma.

Kila asubuhi namhesabia mpigo, dakika nzima. Amezoea, huninyooshea mkono kabla sijasema. Leo ni 60, jana 60.

Nina swali moja lililobaki, ni la Baba mwenyewe, ameniomba niliandike. Daktari alisema kile cha zamani kitarudishwa kiwandani wakakipasue kuona kilichoharibika. Baba anasema amekibeba miaka mingi na angependa wakishakiona wamwandikie wamwambie. Yupo hapa ambaye kifaa chake kilirudishwa hivyo akaletewa majibu? Uliomba kwa nani, hospitali au kampuni?