Gumzo la kikundi: Jirani wa Mkanyageni, Ijumaa 8 Mei 2020

[09:12] Mama Shamsa: Asalamu aleikum jirani. Leo siku ya tatu Mji wa Kale hapa Mombasa umefungwa kwa sababu ya korona, na kafyu ni ile ile ya saa moja jioni. Kila nyumba inijibu: nani ana dawa za kila siku, zimebaki za siku ngapi, na mzee gani yuko peke yake. Msiniachie tiki za buluu.

[09:40] Abuu: Mimi dawa yangu usingizi. Nnayo ya mwezi mzima 😂

[09:41] Mama Shamsa: Abuu!!

[10:05] Baba Faiza: Waaleikum salam. Kwetu mama, insulini. Chupa moja imefunguliwa, moja nzima. Tatizo stima hukatika.

[10:11] Hafswa: Baba Faiza, ile iliyofunguliwa hukaa nje ya friji wiki 4, penye kivuli, mbali na jiko. Nzima ndiyo ya friji, rafu ya kati. Isiguse barafu: ikiganda hutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Stima ikikatika msifungue mlango wa friji. Na msitegemee mtungi wa udongo kuipoza. Mtungi hupoza bara kwenye hewa kavu, hapa na unyevu huu wa masika hausaidii sana.

[10:12] Hafswa: Anafunga?

[10:15] Baba Faiza: Umjuavyo. Hasikii la mtu.

[10:18] Hafswa: Basi apimwe sukari mchana, kudunga kidole hakuharibu saumu. Ikisoma chini ya 3.9 afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi.

[10:30] Mama Shamsa: Nyumba moja imejibu. MOJA. Jambo la pili: kuna wenzetu wa mikokoteni na viazi karai, tangu Jumatano hawajashika shilingi. Nyumba iliyo na uwezo itoe 500, tununue unga, maharagwe na sabuni ya mche. Kutuma M-Pesa mpaka 1,000 ni bure siku hizi, msiniletee hadithi ya kukatwa.

[10:52] Ami Athmani: Kabla ya hiyo 500, zile pesa za pampu ya kisima ziko wapi?

[10:53] Mama Shamsa: Ami, pampu si ya leo.

[10:55] Ami Athmani: Ndiyo ya leo. Mwatwambia tuoshe mikono, kisima hakitoi maji.

[11:20] Salim Fundi: Pampu nzima, Ami. Iliyokufa ni valvu ya chini ya bomba. Usiku maji yarudi kisimani, asubuhi pampu yavuta hewa. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha juu, mimina maji mpaka yafurike, kama lita 5, funga, ndipo uwashe. Ikipita dakika mbili maji hayajaja, zima. Kuna mtu juzi aliiacha ikilia mpaka sili ikanuka.

[11:21] Abuu: Sili ilikuwa imefunga swaumu, haikupewa maji 😂😂

[11:22] Salim Fundi: Aliyeiwasha ajijua.

[11:24] Ami Athmani: Na valvu mpya ilinunuliwa, au ilinunuliwa kwa karatasi?

[11:50] Mama Rukia: *Imetumwa mara nyingi* TANGAWIZI, NDIMU NA KUJIFUKIZA MARA 3 KWA SIKU HUUA KORONA. TUMA KWA WATU 10.

[11:58] Hafswa: Chai ya tangawizi kunyweni, yalainisha koo. Kuua kirusi, hapana. Na sufuria ya maji moto chini ya shuka na mtoto ndani ni kuunguzana bure.

[12:03] Mama Kassim: Hafswa, hii Jik, dawa ya klorini ya kusafishia, twachanganya vipi? Mimi natia kwa jicho.

[12:10] Hafswa: Angalia chupa, nyingi ni 3.5%. Vitasa, swichi, meza: vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji baridi. Choo cha mgonjwa au alipotapika: kikombe 1 cha Jik, vikombe 6 vya maji. Osha kwa sabuni kwanza, maana uchafu huila ile klorini ikawa kazi bure. Paka, acha dakika 10, chuma kifute kwa maji isishike kutu. Changanya ya leo tu, ya jana imekufa nguvu. Mikono ni sabuni, si Jik. Na KAMWE usiitie pamoja na dawa ya choo yenye asidi wala siki, ule moshi utakuua kabla ya korona.

[12:12] Abuu: Vikombe sita, yaani chai ya wageni

[12:14] Mama Kassim: Na maji ya kisima ya chumvi, sabuni haitoi povu?

[12:16] Hafswa: Zidisha sabuni, sugua zaidi. Au kinga ya mvua, mvua si hii.

[12:40] Mama Shamsa: Jamani wale watu wa kupima wakija tutoke. Karantini za serikali sasa hazilipishwi. Kuna nyumba hapa nyuma, wawili wakohoa tangu Jumapili, sisemi nani lakini ile yenye baraza la kijani

[12:41] Baba Faiza: 😳

[12:41] Mama Rukia: Subhanallah, kwa nani??

[12:58] Bi Mwanaisha: Shamsa mwanangu, futa. Nyumba ya mtu haitajwi, wala rangi yake. Leo ukimtaja huyu, kesho wote wataficha homa, hata kwa daktari. Mwenye kuumwa apelekewe uji, uwekwe mlangoni, asiulizwe.

[13:02] Ujumbe huu umefutwa.

[13:30] Mama Shamsa: Samahani Bibi.

[13:47] Ami Athmani: Sawa Bi Mwanaisha.

[14:05] Hafswa: Kwa yeyote, bila jina: chumba kimoja, dirisha wazi, sahani yake. Choo kikiwa kimoja aingie wa mwisho, kisha kipakwe Jik. Wa kumuangalia awe mmoja, asiwe na sukari wala presha, na wote wawili wavae maski. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 30, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo yageuka buluu, au aweweseka, piga 719, namba ya korona, usingoje asubuhi.

[15:10] Mama Shamsa: Dawa za mama wa Baba Faiza ziko kwa mwanawe wa Majengo. Nani atakwenda kuzipokea kwenye kizuizi cha askari? Twahitaji mtu asiyegombana na askari.

[15:11] Abuu: Basi si Ami

[15:12] Ami Athmani: Nimekuona Abuu.

[15:40] Salim Fundi: Mimi naweza kesho saa nne, kama wataruhusu kupokezana. Baba Faiza nipe picha ya karatasi ya daktari, bila hiyo sisogei. Na ufunguo wa pampu u kwa nani?

[16:20] Ami Athmani: Aulizwe aliyeupokea.

[17:55] Mama Shamsa: Mpaka sasa nyumba nne zimejibu kuhusu dawa. Zilizotuma 500 ni mbili.

[22:31] Baba Rahma: Asalamu aleikum, ndiyo naona simu sasa. Hiyo 500 ni kwa nyumba au kwa mtu?