Nataka kumpeleka mama kanisa la Wareno Malindi, naombeni ushauri

BintiBaharia
Habari za jioni wana jukwaa. Niko Tudor, Mombasa, na mama yangu, ana miaka 71. Baba alikuwa baharia. Aliondoka Kilindini mwaka 1994, akaugua wakiwa safarini, akafariki na kuzikwa ugenini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mama hana kaburi la kupalilia. Mwezi jana wenzake wa jumuiya walimhadithia kanisa dogo la Malindi alikozikwa baharia wa zamani, na tangu siku hiyo hana neno jingine: "Nipeleke nikamwombee baba yako pale." Goti la kushoto linamsumbua, anatembelea mkongojo. Je, ataweza kwenda na kurudi siku moja? Ataruhusiwa kuwasha mshumaa?

KuliMstaafu
Pole sana binti yangu. Ni kama kilomita 120 hivi. Ondokeni alfajiri, na umkatie mama kiti cha mbele aweze kunyoosha mguu. Mkifika Kilifi shukeni kidogo ajinyooshe, mnunue na korosho. Malindi chukueni tuktuk, itawafikisha hadi langoni. Malipo ya kiingilio ni ya eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, basi simu iwe na chaji. Nguzo ya Vasco da Gama haiko mbali na hapo, lakini iko kwenye ncha ya mwamba na jua lake ni kali. Kwa goti hilo, msiende huko.

Sahil_MjiWaKale
Kwani lazima Malindi? Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, iko hapa hapa. Mle ndani mna michoro ya meli waliyoichora Wareno ukutani, na vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, merikebu iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mama hatachoka.

MwalimuMstaafu_Kisauni
Ndugu Sahil, Fort Jesus ni pazuri, ila mama haendi kutazama vitu. Mtakatifu Fransisko Xaveri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, na mtu mmoja wa melini mwao alikuwa amefariki. Wakamzika pale. Xaveri mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na heshima waliyoiona katika maziko yale. Mtu aliyekufa mbali na kwao, akazikwa kwa heshima mbele ya wageni wasio wa dini yake. Nadhani mama ameshika hapo, na mimi namuunga mkono kabisa.

Kuhusu mshumaa: kanisa lenyewe ni kajumba ka mawe ya matumbawe, paa ni makuti. Moto na makuti, unajua mwenyewe. Zungumza na mlinzi kwanza, pengine atakuonyesha mahali nje, uani kwenye makaburi. Mwende na maua, hayo hayana shida.

MamaRiziki
Dada, mimi ni Muislamu na mume wangu yuko melini hadi sasa. Nimesoma nikalia. Naomba umuulize mama kama nitaruhusiwa kuwasindikiza. Namjua dereva wa tuktuk wa pale Malindi, ni mtaratibu, haruki matuta.

Sahil_MjiWaKale
Mwalimu nimekuelewa. Binti, samahani, nilijibu haraka.

BintiBaharia
Hakuna neno kaka Sahil. Nimemsomea mama majibu yote. Kwa ile habari ya maziko alinisimamisha, akasema nirudie, nikarudia mara mbili. Kisha akaingia chumbani akatoka na kofia ya baba, ile ya sufi ya buluu aliyokuwa akiivaa zamu za usiku, bado imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Anataka kwenda nayo. MamaRiziki, amesema uje, na ulale kwetu Ijumaa ili tutoke pamoja Jumamosi saa kumi na moja alfajiri.